Kilichokufa Chunguni

Mwaka 1988 ulipoingia, kijiji cha Izimbya kilikuwa kimechoka kuchimba makaburi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka tisa nyuma, vikiwa vimemeza vijana walioondoka wakiimba na wasirudi. Kisha ukaja ugonjwa wa kukondesha usio na dawa, ambao watu waliuita Juliana, nao haukupiga mizinga wala haukutoa ilani. Uliingia nyumba hadi nyumba kama moshi. Migomba ilistawi vilevile, mibuni ikachanua maua meupe yenye harufu tamu, lakini chini ya kivuli chake, karibu katika kila kibanja, yaani shamba lenye nyumba, palikuwa na fungu la udongo mwekundu ambao haujaota nyasi.

Miongoni mwa waliozikwa Januari ile alikuwa Rozi, mjane wa Ishengoma. Mumewe alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Waliacha watoto watatu, mkubwa wao binti wa miaka kumi na mitatu aitwaye Kokuberwa. Waliacha nyumba ya matofali iliyosimama bila paa. Tena waliacha maksai watano, ambao Ishengoma aliwaleta kutoka Ngenge akikusudia kuwanenepesha na kuwauza ili apate mabati. Maradhi yalimkata kauli kabla maksai hawajashiba, na sasa wanyama wale walikuwa wamekonda kama ng'onda.

Ishengoma alikuwa na dada yake, Benadetha. Mumewe Benadetha aliuawa vitani, naye akarudi kuishi katika kibanja cha wazazi wake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mkimya kazini na msumbufu mazungumzoni. Shule aliishia darasa la saba, lakini udadisi wake haukuwa na darasa la mwisho. Tangu utotoni aliuliza kwa nini kuku akinywa maji huinua kichwa, kwa nini senene huja msimu wa mvua na si kiangazi, na nani aliyekuwa wa kwanza kufikiri kwamba mtama unaweza kukutana na ndizi mbivu ukazaliwa ulevi. Wanakijiji walimbandika jina la Kwa Nini. Hakulikasirikia. Aliona ni jina la haki.

Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa kikao. Aliyekiongoza alikuwa Lwakatare, baba mdogo wa Benadetha, mzee mwenye mabega mapana ambaye mwaka uliopita alikuwa amezika wanawe wawili. Alikohoa, kisha akatoa uamuzi kama mtu anayetua mzigo.

"Kokuberwa atakwenda Bukoba mjini kwa binamu yake. Wa pili atakwenda Ngenge kwa wajomba zake. Huyu mdogo nitakaa naye mimi. Maksai watafuata watoto, ili kila mlezi apate cha kuanzia."

Kokuberwa, aliyekuwa ameketi pembeni akiwa amewapakata wadogo zake wote wawili ijapokuwa hawakutosha mapajani pake, aliinamisha kichwa. Benadetha alimwona.

"Tata," alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao, "kwa nini watenganishwe?"

"Kwa sababu hakuna anayewaweza wote watatu."

"Kwa nini nisiwalee mimi?"

"Kwa kitu gani, mwanangu?" Lwakatare hakusema kwa ukali; alisema kwa uchovu. "Nyumba haina paa. Na hao maksai, ukiwasimamisha juani unahesabu mbavu zao bila kuwagusa."

"Na nikiwanenepesha?"

Wachache walicheka chini chini. Lwakatare hakucheka. Akasema, "Haya. Nakupa hadi kiangazi cha Juni. Ukinionyesha maksai watano wanaoweza kuezeka nyumba ile, watoto watabaki pamoja chini ya paa hilo, na wewe ndiye mama yao. Usiponionyesha, nitafanya kama nilivyosema, na usiniulize tena kwa nini."

Benadetha alifunga kibwebwe. Kila asubuhi alikata majani kule rweya, uwanda wa nyasi nje ya migomba, akayabeba kichwani mpaka zizini. Alikusanya maganda ya ndizi kwa majirani, akacheketa migomba iliyokwisha kuvunwa, akaomba pumba kwa mwenye mashine ya kusaga. Bwana mifugo wa eneo lile, kijana aitwaye Datius aliyezunguka vijiji kwa baiskeli, alimfundisha jambo moja alilolipenda mno: kumzungushia maksai kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, na kufunga fundo pale kamba inapokutana. Kila maksai alikuwa na kamba yake. Akipima tena fundo likisogea mbele kwenye kamba, maksai anajaa. Likisimama, anakula bure.

Kwa wiki tatu mafundo yalisogea. Benadetha, akidhani kuwa kizuri kikizidi huwa kizuri zaidi, akaongeza maganda na pumba maradufu. Hapo mambo yakageuka. Maksai wakaanza kuharisha. Mmoja alivimba ubavu wa kushoto hadi ngozi ikalia kama ngoma, ikabidi Datius aitwe mbio amwokoe kwa mpira alioupitisha kooni kutoa gesi. Mafundo yakarudi nyuma. Benadetha alishika tama mlangoni mwa zizi, akawaona watoto watatu wakienda njia tatu.

Basi siku moja ya Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza, maksai mwekundu aliyeitwa Bihogo alikata kamba akatoroka. Benadetha alifuata nyayo zake kwenye matope mpaka kwa jirani yake Protase, mgema wa lubisi, pombe ya ndizi na mtama, aliyesifika kijiji kizima. Huko alimkuta Bihogo ametumbukiza pua ndani ya mtumbwi wa kuchachishia pombe, lile gogo kubwa lililochimbwa kama chombo cha ziwani. Pombe yenyewe ilikuwa imekwisha kuchotwa. Kilichobaki ni machicha, uji mzito wa mtama na makapi ya ndizi, unaotokwa na mapovu madogo madogo. Bihogo alikuwa ameyalamba karibu yote.

"Kwa Nini!" Protase aliita, akicheka hadi machozi yakamtoka. "Mfundishe ng'ombe wako adabu ya kilabuni! Amekunywa hata kumsalimia mwenye nyumba hajamsalimia!"

Benadetha aliomba radhi, akamrudisha Bihogo akijua kwamba kesho atamkuta amelala miguu juu. Hakumkuta hivyo. Alimkuta amesimama, anacheua taratibu kama bibi anayetafuna kahawa, na kinyesi chake, ambacho kwa siku kumi kilikuwa maji matupu, kimeshikamana. Siku ya tatu alikuwa anakula kuliko wenzake wote. Wale wanne waliendelea kuharisha.

Mtu mwingine angesema ni bahati akapita zake. Benadetha alirudi kwa Protase.

"Kuna nini ndani ya machicha?"

"Mtama uliokaangwa na ndizi. Unajua hivyo tangu unanyonya."

"Pombe unaianzishaje? Unatia nini ili ichache?"

"Sitii kitu. Ule mtumbwi siuoshi ukatakata. Kilichobaki kwenye mbao ndicho kinachoamsha kipya. Ukiuosha kwa maji ya moto, pombe inagoma." Alimtazama kwa jicho moja. "Na wewe unataka kuniibia kazi?"

"Nataka machicha tu."

Akapewa. Kwanza aliwakaangia mtama mtupu maksai wawili, apate kujua kama siri ni mtama. Haikuwa mtama, waliharisha vilevile. Ndipo akawapa wote machicha, kila mmoja kata moja juu ya majani. Wiki moja haikupita, zizi likakauka. Mafundo yakaanza tena safari.

Datius alipopita na baiskeli yake na kuona kinachochotwa, alishtuka. "Benadetha! Uchafu huo una wadudu. Siku hizi tunawaambia watu wachemshe hata maji ya kunywa, wewe unawapa mifugo kitu kilichooza? Ukitaka kuwapa, chemsha."

Benadetha alimheshimu Datius. Akachemsha. Chungu kikubwa kilitokota kila asubuhi, na maksai wakapewa machicha yaliyopoa, yenye harufu nzuri kuliko yale ya kwanza. Baada ya siku kumi kuhara kukarudi. Mafundo yakasimama kimya.

Alikaa kwenye jiwe la zizi akitazama chungu. Mtama ulikuwa uleule, ndizi zilezile, mkono uleule wa kuchota. Moto tu ndio uliokuwa umeongezeka. Alimwita Kokuberwa, maana msichana yule alikuwa na macho makini na hati nzuri, akamwambia, "Tutawauliza maksai wenyewe." Wawili wakapewa machicha mabichi. Wawili wakapewa yaliyochemshwa. Wa tano, mweusi mwenye baka jeupe pajini, hakupewa machicha kabisa. Majani, maganda na pumba vikawa sawa kwa wote. Kwa wiki tatu Kokuberwa alipima kamba kila Jumamosi akachora mistari kwa mkaa kwenye ukuta wa ile nyumba isiyo na paa, upande ambao mvua haikupiga.

Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Wa machicha mabichi walisonga mbele. Wa machicha yaliyochemshwa walikuwa sawa na yule mweusi, kana kwamba hawakupewa kitu.

"Shangazi," Kokuberwa alisema, akiutazama ukuta, "kuna kitu kinakufa chunguni."

Kwa miaka miwili neno kufa lilikuwa limewajia watu wale kama nyundo. Hii ilikuwa mara ya kwanza lilipokuja kama swali.

Datius alipofika tena, alimpeleka ukutani. Kijana alisoma mistari, akavuta pumzi. Alikuwa na cheti cha chuo, na kofia yenye nembo, na angeweza kuvitumia vyote viwili kuficha alichokosa. Lakini alivua kofia.

"Sijui," alisema. "Nilikuambia uchemshe kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuhusu uchafu. Hiki sikijui. Ila yuko anayeweza kujua. Kesho kutwa lori la kahawa linakwenda Bukoba."

Benadetha alikwenda Bukoba na vibuyu viwili mapajani: kimoja cha machicha mabichi, kilichozibwa kwa jani la mgomba na kuachiwa nafasi ya kupumua, na kingine cha yaliyochemshwa. Katika ofisi moja ya mifugo, kwenye chumba kilichonuka dawa, alimkuta Dakta Burhani, daktari wa wanyama mwenye ndevu za kijivu na shati lililofuliwa hadi kupauka.

"Kaboneka, waitu," Benadetha alisalimu kwa heshima, kwa lugha ya kwao. "Nimekuja kuuliza kilichokufa chunguni."

Dakta aliweka kalamu chini. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, tangu Bihogo hadi mistari ya mkaa. Kisha akanusa kile kibuyu cha kwanza, akatabasamu. "Mimi sinywi," alisema, "lakini kuitazama sikukatazwa." Akadondosha tone kwenye kioo chembamba, akaongeza tone la rangi ya buluu, akakiweka chini ya hadubini. "Njoo. Funga jicho moja."

Mwanzoni Benadetha aliona kope zake mwenyewe tu. Kisha ukungu ukafunguka, na mbele yake ukatandaa uwanja mweupe uliojaa vitu vya mviringo kama mayai ya kuku yaliyomwagwa. Mengine yalikuwa na kijiyai kidogo ubavuni, kama mama aliyebeba mtoto mgongoni.

"Vinazaa," alinong'ona.

"Vinazaa. Hiyo ni hamira. Kila kimoja ni kiumbe hai. Angalia rangi: aliye hai huikataa ile buluu, anabaki mweupe. Sasa tazama cha pili."

Tone la machicha yaliyochemshwa lilipokaa chini ya kioo, mayai yalikuwepo vilevile, mengi vilevile. Lakini yote yalikuwa ya buluu.

Benadetha aliwatazama wale maiti wadogo, maelfu kwa maelfu, akaelewa kwamba kila asubuhi alikuwa akiwatokosa wafanyakazi wake mwenyewe.

"Lakini wanamfanyia nini ng'ombe?"

Dakta Burhani alivuta kiti. "Tumbo la kwanza la ng'ombe ni kama mtumbwi wa huyo mgema wako. Limejaa viumbe wadogo kuliko hawa, wasiohesabika. Ng'ombe hasagi majani peke yake. Hao ndio wanaomsagia. Ukimbadilishia chakula ghafla, ukamjazia maganda na pumba, tumbo linachachuka kupita kiasi na wafanyakazi wanakufa. Hamira hai inapoingia, inawasaidia. Inafyonza ile hewa kidogo inayowasumbua, na kuzuia uchachu usizidi. Huko ng'ambo wameanza kuikausha na kuiuza kwa wafugaji katika mifuko. Nimesoma. Kwa machicha ya lubisi sijawahi kuiona ikipimwa na mtu yeyote, mpaka leo."

"Kwa hiyo nikiwapa nyingi zaidi..."

"Utawalevya, na tumbo litachachuka. Hicho ni kiungo, si chakula. Hakimgeuzi maksai mwenye njaa kuwa mnene. Majani kwanza. Maganda uyaongeze polepole, wiki kwa wiki. Machicha kata moja, mabichi, yasizidi siku tatu."

Kisha Benadetha akauliza swali alilokuwa nalo tangu aweke jicho kwenye kile kioo.

"Dakta, katika viumbe hawa wadogo, hakuna anayeweza kumsaidia mtu mwenye Juliana?"

Daktari alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Hapana," alisema. "Nisingependa kukudanganya. Bado hakuna ajuaye. Lakini wako watu sasa hivi, mahali pengi, wameinamia vioo kama hiki wanauliza." Akavaa miwani. "Na mimi nina ombi. Yule mweusi mwenye baka, mwache hivyo hivyo hadi mwisho. Mpe chakula kama wenzake, machicha usimpe. Asipokuwepo wa kulinganisha naye, watu watasema ni mvua, au ni bahati, au ni uchawi. Nawe hutajua."

Ombi lile lilimtesa Benadetha njia nzima ya kurudi. Baba mdogo alisema maksai watano, si wanne. Angeweza kumpa mweusi machicha na kumaliza kazi. Lakini nyumbani aliwakuta majirani wawili wanamngoja, mmoja wao bibi aliyekuwa analea wajukuu sita. Walitaka nao waanze kuwapa ng'ombe wao machicha. "Una hakika?" bibi yule alimuuliza. Benadetha alifungua kinywa aseme ndiyo, akagundua kwamba hakika nzima bado hana. Wiki tatu zilikuwa fupi. Akakata shauri. Wale wanne wote watapewa machicha mabichi, Kokuberwa aendelee kupima na kuchora, na mweusi atabaki kama alivyo.

Mwezi Mei, zikiwa zimebaki wiki sita, Protase aliletewa habari kwamba kaka yake amefariki Ngenge. Alifunga mzigo wake, na mtumbwi wake ukabaki na makapi tu. Kabla hajatoka kijijini, Benadetha alimfuata njiani.

"Nikipewa makapi ya mwisho, naweza kuyaweka hai mpaka urudi?"

Protase, ambaye siku ile hakuwa na mzaha hata chembe, alisimama. "Hayo ni kama mtoto. Yalishe. Maji kidogo ya ndizi mbivu, ngumi moja ya unga wa mtama, kila siku. Yafunike kwa jani, yasipigwe na jua. Yakinuka siki, punguza, anza na sehemu ndogo." Akakaza mzigo begani. "Nashukuru umeuliza. Hakuna hata mwanangu mmoja aliyewahi kuniuliza."

Kuanzia siku ile, zamu ya kulisha chungu ilikuwa ya Kokuberwa na wadogo zake. Asubuhi waliinamisha masikio kusikiliza mapovu. Yakisikika, walipiga makofi. Watoto wale waliokuwa wamezoea kusikiliza pumzi za mgonjwa, sasa walisikiliza pumzi za chungu, na chungu hakikukata pumzi hata siku moja.

Juni ikafika, nyasi za rweya zikageuka rangi ya dhahabu. Lwakatare alikuja asubuhi moja pamoja na Apolinary, mchinjaji kutoka Muleba, mtu mfupi mwenye vidole vinene ambavyo watu walisema vinaona kuliko macho. Nyuma yao walikuja majirani, kila mmoja akijifanya ana safari ya njia ile.

Apolinary aliingia zizini. Akambonyeza Bihogo kwenye shina la mkia, akapitisha kiganja mbavuni. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Manyoya yao yalimetameta kama yamepakwa samli, na migongo yao ilikuwa mipana kiasi cha kuandalia chakula.

"Hawa wanne nawachukua leo," alisema. "Sijaona nyama kama hii tangu kabla ya vita." Alipofika kwa mweusi, alibonyeza akatikisa kichwa. "Huyu si mbaya. Lakini si ndugu yao hawa. Arudi malishoni."

Lwakatare alimgeukia Benadetha. "Nilisema watano."

"Ndiyo, tata. Ulisema watano."

"Huyu amenyimwa nini?"

"Hakunyimwa majani, wala maganda, wala pumba. Amekula sawa na wenzake. Amekosa kata moja tu ya machicha mabichi." Akamshika mweusi shingoni. "Ningeweza kumpa, tata, ningekuonyesha watano, nawe ungerudi nyumbani. Lakini ningekuwa sijui kilichowanenepesha. Na hawa waliosimama hapa wana ng'ombe na wana mayatima. Wakiniuliza, nisingependa kuwapa bahati. Nilitaka niwape jibu."

Kokuberwa alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mkaa, mikono ameiweka juu ya mabega ya wadogo zake, ameikaza kama anayevuka mto. Lwakatare alimwona. Akaitazama mistari, mirefu minne na mmoja mfupi. Watu walidhani anatafuta maneno ya kukemea. Kisha mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akimuuliza aliye mdogo kwake kitu, akasogea ukutani akaweka kidole juu ya mstari mfupi.

"Kwa nini?" aliuliza.

Benadetha hakuamini masikio yake. "Waitu?"

"Nauliza kwa nini. Kata moja ya machicha inafanyaje hivi?"

Hapo Benadetha alimpeleka kwenye chungu, akakifunua. Alimweleza kuhusu mayai meupe na mayai ya buluu, kuhusu tumbo lililo kama mtumbwi, kuhusu moto ulioua kilichokuwa hai. Lwakatare aliinama, akaweka sikio juu ya mdomo wa chungu kama watoto walivyozoea. Aliposikia mapovu, uso wake ukalegea. Akauliza swali la pili, na la tatu. Apolinary aliacha maksai akaja kusikiliza. Yule bibi wa wajukuu sita akasukuma watu apate nafasi ya mbele. Datius alisimama kando ya baiskeli yake, kofia mkononi.

Mwishowe Lwakatare alinyooka, akishika kiuno. "Nimezika watu wengi," alisema polepole, "nikaogopa kuuliza chochote, kwa sababu nilidhani majibu yote ni makaburi." Akamgeukia Kokuberwa. "Mjukuu wangu, wanne wanatosha kuezeka nyumba hii. Mtakaa hapa, wote watatu, na shangazi yenu. Na yule mweusi asiuzwe. Kuanzia kesho nitakuja kumlisha mimi mwenyewe hayo machicha na kumpima kwa kamba. Nataka nione kwa macho yangu."

Mdogo wa Kokuberwa alipiga kelele za furaha akakimbia kuzunguka zizi. Kokuberwa mwenyewe aliegemea ukuta uliojaa mkaa, akalia kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, na alipobanduka mgongo wa gauni lake ulikuwa mweusi kwa alama za wiki zote zile.

Kabla Agosti haijaisha, mabati yalikuwa yameng'aa juu ya nyumba ya Ishengoma. Vyungu vya machicha vilikuwa vinapumua katika nyumba tisa za Izimbya, na kila aliyekwenda kwa Benadetha kuomba makapi ya kuanzia alipewa bure, kwa sharti moja tu, kwamba aulize angalau swali moja kabla ya kuondoka. Wenye haya walijikuna vichwa, lakini waliuliza, na hakuna aliyetoka pale mikono mitupu. Wahenga hawakukosea waliponena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.